Mche Wenye Uzi

Vijana wa kitalu na wa njia za msituni, siku ile mliponiaga kwa soda na keki mliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nilisema nitaandika nikishafika nyumbani. Nikafika nyumbani Mkwaja, nikakaa miezi bila kushika kalamu, maana mtu aliyezoea kuamka alfajiri kwenda kukagua mitego, huku akiamka hana pa kwenda. Anakunywa chai, anafagia uwanja uliofagiliwa jana, na jua bado halijapanda. Sasa nimechoka kufagia, kwa hiyo naandika.

Habari za vyeo sina, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitawaeleza habari za panya.

Nilipanda Amani nikiwa kijana wa pwani ambaye hajawahi kuvaa sweta. Basi la kutoka Muheza liliniteremsha katikati ya ukungu, na mimi nikadhani ni moshi, nikauliza nyumba ya nani inaungua. Watu walicheka mpaka mama mmoja akatua mzigo wake. Nilikuwa na kandambili miguuni, shuka moja, na boksi la dagaa alilonifungia mama. Aliyekuja kunipokea alikuwa Mzee Singano, msimamizi wa kitalu cha miche, Msambaa mrefu, Mlutheri, asiyefanya jambo kwa haraka hata mvua ikimnyeshea. Alinisalimia "Onga makeo," mimi nikamjibu "Shikamoo," kila mmoja akadhani mwenzake hakusikia, tukasalimiana upya. Kisha akavua koti lake akanivisha bila kuniuliza kama nasikia baridi. Koti lile nililivaa mpaka likabaki kola na vifungo.

"Mtu wa Pwani," aliniambia tukiwa njiani, na hilo likawa jina langu mpaka nastaafu, "hapa jambo la kwanza ni kutazama juu."

Alikuwa na maana ya misambu. Mnaijua ninyi, lakini huenda karatasi hii ikasomwa na mtu mwingine, basi nieleze. Msambu ni mti wa msituni, mrefu, mnyoofu, na matunda yake yananing'inia kama mikate iliyoungua. Tunda moja linaweza kuwa zito kuliko mtoto mchanga, nalo haliagi likitaka kudondoka. Ndani mna ute, na katika ute mna mbegu nene zilizojaa mafuta. Msimu wa matunda Mzee Singano alikuwa anaingia msituni amevaa sufuria kichwani, kaifunga kwa kamba chini ya kidevu. Kofia ngumu za kazi zililetwa baadaye sana. Alizijaribu, akasema sufuria inasikika vizuri zaidi ikipigwa.

Kazi yetu ilikuwa kuzikusanya mbegu hizo na kuziotesha. Hapo ndipo nilipojifunza kusubiri. Mbegu ya mhindi ukiifukia leo, wiki ijayo mmesalimiana. Mbegu ya msambu unaifukia kwenye mchanga, unaimwagilia, unaondoka, unaoa, unarudi, haijafanya kitu. Inaweza kupita mwaka na zaidi. Wakati huo wote mbegu imelala pale, imejaa mafuta, na harufu yake inatembea. Na mwenye pua ya kuifuata harufu hiyo ni panya buku.

Mzee Singano aliwachukia panya buku kama mtu anavyomchukia jirani mwizi ambaye hashikiki. Alizungushia matuta mabati, wakachimba chini. Akaweka mawe chini, wakapanda juu ya bati. Asubuhi tunakuta mashimo madogo safi, mbegu hamna. Mzee alikuwa anasimama mbele ya tuta, mikono nyuma, anayaambia mashimo maneno ya Kishambaa ambayo hakukubali hata siku moja kunitafsiria. Alikuwa mzee wa kanisa, nadhani ndiyo sababu.

Miaka ikaenda. Nikaoa. Nilimwoa Zuhura wa hapa hapa Mkwaja, mshona kofia, na tulipompata Rehema akawa Mama Rehema kama desturi ilivyo. Alipanda Amani nami. Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mwisho, pale njia inapoishia na msitu unapoanza, na jirani wa karibu ukimwita hasikii. Rehema alipofika umri wa shule ya sekondari tulimpeleka kwa shangazi yake Tanga mjini, tukabaki wawili na kuku. Mke wangu alikuwa mtu wa baraza, wa kushona huku wenzake wakizungumza. Kule alishona huku mvua ikizungumza. Sikumsikia akilalamika, ila niliwahi kumkuta anamsimulia kuku harusi ya dada yake, kwa kirefu, mpaka na nguo walizovaa.

Ndipo alipokuja Dokta Neema. Alikuwa mtafiti kutoka chuo cha mbali, mama mfupi mwenye hatua ndefu, na aliomba kituo kimpe mtu wa kumsaidia msituni. Nikapewa mimi. Siku ya kwanza alinipeleka chini ya msambu mkubwa bondeni, akaniuliza tunda likidondoka linaelekea wapi. Nikasema linabingirika chini, kwenye kijito. Akanipandisha mpaka juu kabisa, kwenye mgongo wa mlima, akanionyesha misambu michanga iliyoota pale.

"Hii nani kaileta huku?" akauliza. "Tunda halipandi mlima."

Nilifikiri tumbili, nikafikiri ndege. Akaniambia mbegu ile ni kubwa mno kwa ndege, na tumbili hana haja nayo. Yeye alikuwa na hakika kuwa ni panya buku na wadogo zake. Panya buku anazijaza mbegu kwenye mifuko ya mashavu, anakwenda nazo mbali, anazifukia moja moja, hapa moja na pale moja, ili azile njaa ikija. Kisha vipanya vidogo vinaziiba vinapoweza, vinazifukia kwingine. Nyingi zinaliwa. Lakini mmoja akisahau, au akakamatwa na bundi kabla hajarudi, mbegu yake inabaki ardhini, mahali pazuri, kina kizuri, imefunikwa majani. Msitu unapandwa hivyo, alisema, na watu wasiojua kuwa wanapanda.

Nilimpelekea Mzee Singano habari hizo. Alikuwa anapepeta udongo, hakuinua kichwa.

"Mwizi akidondosha hela njiani, unamwita mfadhili?" akasema. Baadaye kidogo akaongeza: "Mwambie Dokta anionyeshe mche mmoja. Mmoja tu, ulioota kwenye mbegu iliyobebwa na panya. Siku hiyo nitampigia panya shikamoo, mbele ya watu."

Basi huo mche mmoja ndio uliokuwa kazi yangu kwa miaka iliyofuata, na kama mnataka kujua maisha yangu yalihusu nini, yalihusu huo.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unatoboa mbegu kwa msumari mwembamba, unapitisha uzi wa nailoni, mwisho wa uzi unafunga alama yenye namba. Mbegu unaiweka chini ya mti. Panya anakuja, anabeba mbegu na uzi wake, anaifukia, na alama inabaki inaning'inia nje. Kazi yako ni kutembea ukitafuta alama. Ukiikuta mbegu imeliwa, unaandika. Ukiikuta imefukiwa, unaandika na unaiacha. Ukija kuikuta imeota, umempata mpandaji.

Uzi nilinunua Pangani, mshipi wa kuvulia. Mke wangu alipouona alicheka mpaka akaweka kofia chini. "Baba yako na babu yako wamevua changu kwa mshipi huu," alisema. "Wewe umeuchukua, umepanda nao mlimani, unavua panya."

Tulitega pia, ili tujue nani yuko wapi. Mitego ya masanduku ya bati, na chambo cha nazi iliyochomwa na kuchanganywa na karanga za kusaga. Vijana, msikubali kuambiwa chambo kingine ni bora. Weka majani makavu ndani ya mtego, maana panya buku akilala kwenye bati tupu usiku wa Amani atakufa kwa baridi, na umemuua kwa uvivu. Kagua alfajiri, kabla ya chai. Siku moja nilichelewa kwa sababu daraja la mto lilikuwa limejaa maji, nikakuta siafu wamefika kabla yangu. Sitaeleza nilichokiona. Tangu hapo, nikiona siafu wamepita jirani, mitego yote naifunga, hata mtafiti akinuna.

Msimu wa kwanza ulituharibikia kwa jambo ambalo Dokta hakulifikiria na mimi nilipaswa kulifikiria, mtu wa Tanga mzima. Alama tulizofunga zilikuwa vitambaa vyekundu, ili vionekane kwenye majani. Mama mmoja akaingia msituni kuokota kuni, akakuta kitambaa chekundu kinachungulia ardhini. Akakivuta. Kikatoka na uzi, na mwisho wa uzi mbegu iliyotobolewa. Alipotazama mbele akaona kingine, na kingine. Aliacha kuni, aliacha na panga. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba msitu umefukiwa hirizi, na kwamba aliyefukia ni yule mtu wa pwani.

Tuliitwa kwenye mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa heshima, hakutaka kunitukana.

"Hatukutuhumu, ndugu yetu," alisema. "Tunauliza tu. Umefukia wewe?"

"Hapana," nikasema. "Wamefukia panya."

Nadhani hilo ndilo jibu baya kuliko yote niliyowahi kutoa maishani. Watu waliguna kwa pamoja. Mtu wa pwani, vitambaa vyekundu, na panya wa kutumwa. Mzee Singano ndiye aliyeniokoa. Alisimama, akavua kofia, akasema amenijua tangu siku nilipodhani ukungu ni moshi, na kwamba mtu mjinga kiasi hicho hawezi kuwa mchawi. Kicheko kikavunja mkutano. Tukakubaliana vitambaa vyekundu viondolewe vyote, na alama mpya ziwe za plastiki ya njano, zikatwe kwenye madumu ya mafuta ya kula, maana hakuna mganga anayetumia dumu la mafuta.

Kulikuwa na tabu ya pili. Nailoni inateleza. Mafundo yangu yalikuwa ya baharini, mazuri kwa ndoano, lakini kwenye mbegu yenye mafuta yalifunguka. Nilikuwa nakuta alama peke yake, uzi peke yake, mbegu haijulikani ilipo. Niliporudi nyumbani nikamweleza mke wangu haya, akanyoosha mkono. Nikampa mbegu. Akatia uzi kwenye sindano yake ya kofia, akapitisha, akazungusha, akarudi, akazungusha tena, akavuta kwa meno. Fundo lilikaa kama vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kwenye kofia zinazoshonwa kwa mkono, duara dogo, zito, haliendi popote.

"Vuta," akasema. Nikavuta mpaka uzi ukanikata kidole. Halikulegea.

Kuanzia hapo mbegu zote alizifunga yeye. Jioni tulikaa jikoni, mimi natoboa, yeye anafunga, jiko linatoa moshi, mvua iko kwenye bati. Kofia aliziweka pembeni msimu mzima. Nawaambieni, kazini nimekuwa na wenzangu wengi wazuri, lakini sijawahi kufanya kazi na mtu nikafurahi kama jioni zile. Alinisimulia harusi ya dada yake. Nilikuwa naijua tayari, niliisikia akimsimulia kuku. Sikumwambia.

Kila nilipotoka kutafuta aliniuliza mlangoni, "Umeota?" Na mimi nikajibu, "Bado." Tulikuta mbegu zake zimefukiwa vizuri, nyingine zimehamishwa mara kadhaa, panya huyu anamwibia yule, uzi umezunguka mizizi. Tulikuta maganda yaliyoliwa na fundo bado limeshika kipande. Lakini mche, hakuna. Msambu hauna haraka, nimeshawaambia.

Kifua chake kilianza kumsumbua mwisho wa msimu ule. Ukungu ulikuwa unamwingia. Akawa anakohoa usiku, kisha na mchana, na akipanda ngazi za nyumba anasimama katikati. Hospitali walisema ashuke pwani, penye joto, na asirudi juu. Tulizungumza jambo hilo siku nyingi. Mimi nilikuwa radhi kuomba uhamisho. Yeye ndiye aliyekataa.

"Ukishuka sasa, nani atakayeitafuta?" alisema. "Vidole vyangu vimekwisha kwa kufunga. Baki. Uupate huo mche wenye uzi wangu. Ukiupata nipigie, hata kama kifua hakitaki nitapanda nije niuone kwa macho yangu. Nikishauona, tutashuka wote."

Akashuka. Nilimsindikiza mpaka Muheza. Alikuwa ameshika mkoba wake wa nyuzi na kuku mmoja, yule wa kusimuliwa.

Utafiti wa Dokta ulikwisha baadaye kidogo. Aliandika alichokiandika kwa uangalifu, kwamba panya wanabeba, wanafukia, wanapandisha mlimani, na kwamba kuota hakujathibitishwa. Alikuwa mtu mkweli. Aliponiaga alisema, "Upo mahali fulani. Mimi sina muda, wewe unao." Kanuni ni kuondoa kila alama msituni utafiti ukiisha, tusiache plastiki. Niliziondoa zote nilizoziona. Nilirudishwa kitalu, kisha kwenye usafishaji wa njia, na kila nilipokuwa na panga mkononi macho yangu yalikuwa chini.

Mnalijua Jiwe la Simu, pale juu ya kona ya tatu, kwenye mgongo wa mlima. Wakati ule mtandao ulishika hapo tu. Kila jioni nilipanda nikampigia mke wangu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za Rehema, kisha akauliza swali lake, nami nikajibu lile lile. Mwishowe lilikuwa kama salamu. "Umeota?" "Bado." "Haya, usiku mwema."

Alifariki msimu wa vuli. Siyo kifua, ni homa ya siku chache tu, hata sikuwahi. Rehema ndiye aliyeleta habari, na kwa kuwa simu ilikuwa haishiki nyumbani, ujumbe ulipitia redio ya zahanati, ukaletwa na kijana wa pale akitembea. Nilishuka, nikamzika, nikakaa mpaka arobaini. Ndugu wakasema omba kustaafu mapema, juu unarudi kufanya nini? Nilirudi. Nilikuwa mpweke, na neno hilo sitaki kulipamba. Huku pwani kila mtu alinitazama kama mgane. Kule juu nilikuwa mtu wa kusafisha njia, na mti haukuulizi hali. Kitu kimoja nilikiacha: sikupanda tena Jiwe la Simu. Mnara mpya ulikuwa umejengwa, simu ilishika hata kwenye veranda. Sikuwa na wa kumpigia ila Rehema, na yeye hupiga mwenyewe Ijumaa.

Panya buku naye, mnajua, hukaa peke yake. Kila shimo mmoja. Nilikuwa namsikia wangu nyuma ya jiko asubuhi mapema akirudi kulala, nikamwachia maganda ya mihogo. Watu walisema nimefuga panya. Sikufuga. Tulikuwa majirani.

Sasa nije kwenye wiki zangu za mwisho. Mti mkubwa uliangukia njia upande wa pili wa mgongo wa mlima, mbali kuliko tulikowahi kutafuta na Dokta. Mlinituma nikaangalie kama msumeno utahitajika. Nikawa naupita mti ule kwa chini, nikipiga magoti, na mbele ya pua yangu palikuwa na mche wa msambu, unafika gotini, majani manne, jipya moja likiwa jekundu kama yanavyokuwa yakiwa machanga. Miche ya msambu nimeiona mingi. Nilitaka kuupita. Nikaona uzi.

Ulikuwa umetokeza kwenye shina chini, pale linapoingia ardhini. Alama ya njano ilishakatika, huenda alitafuna panya. Nilifagia majani kwa vidole. Mbegu ya msambu haiondoki upesi, inabaki na mche wake chini kwa muda mrefu. Ilikuwepo, nyeusi, imesinyaa, na kwenye tundu lake lilikuwepo fundo. Namba ilipotea pamoja na alama, lakini sikuhitaji namba. Duara dogo, zito, limezungushwa, limerudi, limezungushwa tena. Nililivuta kidogo kwa kucha. Halikulegea.

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Niliinuka, nikaacha panga pale pale, nikapanda. Nilipanda upesi kuliko mtu wa umri wangu anavyopaswa, nikavuka mgongo wa mlima, nikafika Jiwe la Simu nikihema, nikatoa simu, nikatafuta jina, nikabonyeza. Nilikuwa na neno moja mdomoni. Nililisubiri miaka yote ile na lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi.

Yule mama wa kwenye mashine akaniambia namba ninayopiga haipatikani.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimesahau. Mtu niliyemzika mwenyewe. Nilikaa kwenye jiwe, nikalia, nikapiga tena ili nisikie hata yule mama wa mashine, na alipomaliza kusema nikamwambia, "Umeota."

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Singano. Amezeeka sana sasa, mnamwona akiota jua mbele ya nyumba ya mwanawe, na miguu haimpendi. Nilimwambia upo mche. Hakuuliza mche gani. Alisema, "Nipe fimbo." Tulitumia asubuhi nzima kwa safari ya mwendo mfupi, tukipumzika kila penye gogo. Kichwani alikuwa na sufuria. Nilimwambia si msimu wa matunda, akasema hajafika umri huu kwa kuamini matunda.

Alipofika hakuweza kuinama, kwa hiyo alikaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama mtoto. Aliutazama mche. Akafuata uzi kwa kidole mpaka kwenye fundo.

"Fundo la nani hili? Wewe hujui kufunga."

"La Mama Rehema."

Mzee Singano alifungua kamba chini ya kidevu, akavua ile sufuria, akaiweka mapajani.  Kisha, kwa sauti ya mtu anayelipa deni lake mbele ya kanisa, akasema, "Shikamoo, panya." Na baada ya hapo, taratibu zaidi, akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa amemzidi mke wangu umri kwa kizazi kizima, na haikuwa zamu yake kumwamkia.

Nilimtumia Dokta picha. Alinipigia akilia na kucheka, akauliza kama ningeweza kuichimbua ile mbegu ili ithibitishwe vizuri. Kabla sijajibu alijikatiza mwenyewe. "Acha," akasema. "Usiiguse. Picha inatosha."

Kwa hiyo mambo ya kazi niliyonayo ni haya. Majani makavu kwenye mtego. Chambo nazi na karanga. Siafu wakipita, funga. Mbegu zikiibwa kitaluni msikasirike sana, mwizi wenu ana kazi yake. Na kila alama ya plastiki mtakayoikuta msituni, iondoeni, ndiyo kanuni niliyowafundisha mwenyewe. Ila moja. Upande wa pili wa mgongo wa mlima, chini ya ule mti ulioanguka, kuna uzi kwenye shina. Ule msiukate. Mkipita na mapanga, zungukeni.

Nyumba hii ninayokaa ni ya marehemu. Mkoba wake wa nyuzi bado uko msumarini, na kofia moja imeishia katikati, sindano imo. Nimejaribu kuimalizia, vidole havikubali. Jioni nakaa barazani, watu wanapita, tunasalimiana, wananiita Bwana Panya, nacheka. Hakuna wa kumweleza jani jekundu ni nini.

Basi nawaomba hili moja. Ule mche ukitoa jani jipya, anipigie mmoja wenu, yeyote. Hamna haja ya kupanda mpaka kwenye jiwe. Nami huku mtandao unashika kila mahali, hata jikoni, na simu siizimi.